Batoto, Salio na Wiki 12: Mwanagenzi katika Darasa la Ngumbaru

Hadhira ya Kakamega haihitaji kufundishwa habari za wageni. Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipiga kambi kwa mfalme wa Wawanga, Nabongo Mumia; misafara ikaondoka, Kiswahili kikabaki. Miaka ya 1930 dhahabu ikawavuta Wazungu kwa mamia. Wageni wanaozungumziwa katika mhadhara huu hawakufuata pembe za ndovu wala dhahabu. Wako Kakuma, mwendo wa takriban kilomita 500: gari huacha miwa ya Kabras, likapita Webuye na Kitale, likateremka Kapenguria hadi kwenye joto la Lodwar, kisha likaendelea kaskazini.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, kuna takriban watu 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, chenye kitivo kizima cha usimamizi wa majanga na misaada ya kibinadamu, kina kila sababu ya kuwatazama, na ya kuwapelekea wanafunzi wake kama wanagenzi katika madarasa ya watu wazima.

Wanafunzi huyaita mafunzo ya nyanjani kwa jina fupi: atachi. Kwa kawaida ni wiki 8 hadi 12. Nauli na kodi ya chumba mara nyingi hutoka mfukoni mwa mzazi. Kuna daftari la kujazwa kila siku na kugongwa muhuri, kuna mhadhiri wa kuja kukagua, kisha kuna alama. Mpango wote huo umeshonwa kwa kipimo cha mwanafunzi. Mtu mzima atakayefundishwa hakupimwa.

Darasa la watu wazima, lile ambalo Wakenya wengi wanalijua kama ngumbaru, lina haraka zake. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutuma sehemu ya posho Kakuma kwa laini ya Safaricom, chini ya jina Bamba Chakula. Tazama mama asiyejua kusoma akifika dukani na simu yenye laini hiyo. Ujumbe umeingia, hajui unasema nini. Anampa muuzaji simu, muuzaji anamsomea, anambonyezea namba ya siri, anamwambia kilichobaki. Anayemsomea ndiye anayemuuzia. Mwanagenzi akimjia mama huyu na a, e, i, o, u ubaoni, asishangae kiti kikiwa kitupu siku ya tatu. Akianza na tarakimu kumi na neno “salio”, atamwona tena, pengine na jirani yake.

Halafu kuna lugha, na hapa kijana wa Kakamega ana bahati asiyoijua. Mkongomani kutoka Bukavu husema “batoto” na “batu”, pesa huziita “franga”, na akisema anakwenda “masomo” ana maana ya shule. Mwalimu aliyelelewa kwa Kiswahili sanifu peke yake huwahi kalamu nyekundu. Lakini kijana wa Kiluhya, ambaye nyumbani watu ni abandu na watoto ni abana, hasikii kosa; anasikia ujombani. Akiwa na akili ataandika maneno yote mawili ubaoni, “batoto” na “watoto”, na somo la ngeli litakuwa limeanza bila kumwaibisha mtu mwenye mvi.

Hata hivyo, asiachiwe darasa peke yake. Tanzania Bara ilipopunguza idadi ya watu wazima wasiojua kusoma kutoka kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967 hadi 27 mwaka 1977, ilitegemea sana walimu wa kujitolea, wakiwamo vijana waliomaliza darasa la saba, watu waliokuwa wakiishi pale pale kijijini. Kampala, wakimbizi wa Kongo wenyewe walianzisha shirika la YARID mwaka 2007, na Kiingereza kwa watu wazima kikawa miongoni mwa kazi zake kuu. Mwalimu wa namna hiyo bado yupo wiki ya 13. Mwanagenzi hayupo. Basi apewe kazi inayokwisha: kuandaa somo la simu, kutunza rejista, kumsaidia mwalimu mkimbizi kutunga mtihani mfupi, kukaa na wawili watatu waliobaki nyuma.

Kazi ya kusoma na kujaza fomu nayo ni kubwa. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, imewafungulia raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki njia ya kubadili hadhi yao, na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi ziwe miji. Yote hayo hupitia karatasi, na karatasi hutaka msomaji.

Daftari la atachi lina nafasi ya sahihi ya msimamizi na ya mhadhiri. Chuo kiongeze mstari mmoja kwa wiki, wa mwanafunzi wa ngumbaru, naye aulizwe amepata nini kabla hajatia mkono. Wiki ya kwanza huenda mstari huo ukajaa alama za dole gumba. Mkaguzi afungue ukurasa wa wiki ya 12 na kutazama palipo na herufi.