Mtoto Asirudishwe Nyuma kwa Sababu ya Lugha

Maneno ya walimu na wasaidizi wa darasa, Siku ya Walimu, Base Camp



Leo tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, iliyoanzishwa mwaka 1994. Tumepewa dakika chache, nasi tutazitumia kuwasemea watoto wa madarasa ya kati, P4 hadi P7, na wanaoingia sekondari. Wadogo wana watetezi wengi. Hawa wa kati ndio tunaowapoteza.

Mtoto anatoka Kongo amemaliza mwaka wa sita kwa Kifaransa. Anajua sehemu, anajua asilimia, anaweza kuchora moyo wa mtu na kueleza damu inavyopita. Hapa anaulizwa kwa Kiingereza, ananyamaza, anaandikwa P3 au P4. Mtoto wa miaka 14 anaketi benchi moja na wa miaka 9. Magoti hayaenei chini ya meza, na wadogo wanamwita baba. Muhula wa pili tunamkuta sokoni anabeba mizigo. Msichana anaolewa. Kisha kwenye ripoti inaandikwa kwamba aliacha shule. Sisi twasema aliachishwa.

Hatulaumu sheria ya nchi iliyotupokea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto wetu elimu ya msingi sawa na mwenyeji, na UPE ipo tangu 1997. Hata mtaala unaijua shida ya lugha: P1 hadi P3 mtoto hufundishwa kwa lugha ya mahali, P4 ni mwaka wa kuvuka, P5 ni Kiingereza. Basi mwenyeji amewekewa daraja. Mgeni anaambiwa aogelee, na mwisho wote wawili wanaandika PLE ile ile, masomo manne kwa Kiingereza.

Mwaka uliopita baadhi yetu tulimwendea mkuu wa shule moja, tukamwomba mvulana mmoja apewe hesabu kwa Kifaransa kabla ya kupangiwa darasa. Alikubali. Mvulana akaingia P6, na jioni tukawa tunamfundisha Kiingereza chini ya mti. Jambo hilo halikugharimu hata shilingi moja, ila chaki.

(Na tuseme hili pia: tangu mwaka 2020 Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2 hapa Uganda. Kumbe watoto wetu nao wana kitu cha kuwafundisha wenzao!)

Ombi letu ni hili. Mtoto mpya apimwe hesabu na sayansi kwa lugha aliyosomea, msaidizi wa darasa akiwepo. Wenye umri mkubwa wapate darasa la Kiingereza la miezi michache, wakae katika darasa linalowafaa. Wasaidizi walipwe kwa wakati, maana mwenye njaa hatafsiri vizuri mchana. Nanyi wazazi, mliokimbia na vyeti vya watoto, vileteni hata kama vimelowa mvua, tutavisoma pamoja.

Orodha ya watoto waliorudishwa madarasa tunayo hapa mkononi. Tunamkabidhi Mwenyekiti sasa hivi, mbele yenu.