Okoa Bodi Kwanza: Kubadilisha Chipu Kwenye Mashine za Pinboli za Bally



Mada yangu inahusu mashine za pinboli za Bally, zilizotengenezwa Chicago kuanzia 1977, pale relei zilipoipisha prosesa. Eight Ball ya mwaka huo peke yake ilitengenezwa zaidi ya 20,000, na wapenzi wake bado wanazitunza. Zinazokufa, mara nyingi huwa zimeharibika kwenye bodi moja: ile kuu, yenye prosesa ya Motorola 6800.

Wahandisi wa Bally walituachia zawadi kwenye bodi hiyo, taa ndogo inayotoa taarifa. Ukiwasha mashine, taa humeta kidogo, kisha prosesa hujikagua, na kila kipimo kikipita taa hupepesa mara moja. Taa ya bodi isiyo na hitilafu hupepesa mara saba. Pepeso la kwanza ni la chipu za programu, la pili ni la chipu ya kumbukumbu 6810 iliyo kwenye nafasi ya U7, la tatu ni la 5101 iliyo U8, inayohifadhi alama. La nne na la tano ni ya U10 na U11, yaani chipu za 6820 au 6821 zinazoiunganisha prosesa na swichi, taa na koili. La sita ni la saketi inayotoa mapigo ya vionyesho vya namba, na la saba ni la umeme wa volti 43 wa koili. Kwa hiyo taa ikipepesa mara tatu ikakoma, anza na U10, na uitazame pamoja na soketi yake.

Shida ni taa inapowaka moja kwa moja bila kupepesa. Hapo wengi hukimbilia kung'oa prosesa. Nawasihi tusifanye hivyo. Pima volti 5 kwanza, kisha pima mguu wa 40 wa prosesa. Mguu huo ukibaki chini, prosesa imezuiwa kuanza kazi, na mara nyingi chanzo ni saketi ya transista iliyo jirani na betri. Betri hiyo ya nikeli na kadimiamu, ya volti 3.6, ililehemiwa juu ya bodi ili kulinda kumbukumbu. Ikizeeka huvuja alkali, ambayo hutambaa ikila shaba, miguu ya transista na soketi. Chipu mpya kwenye soketi iliyoliwa ni kazi bure. Toa betri, ng'oa soketi zilizoguswa, sugua mpaka shaba ing'ae, pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, suuza, kausha kabisa.

Sasa chipu iliyolehemiwa bila soketi. Msimamo wangu ni kuikata. Kata miguu yote kwa koleo dogo, karibu na mwili wa chipu, kisha toa mguu mmoja mmoja. Ongeza lehemu mpya kwanza, maana ya zamani huyeyuka kwa shida. Njia za shaba ziko pande zote mbili za bodi, na kinachoziunganisha ni utando mwembamba wa shaba ndani ya tundu. Ukivuta mguu kabla lehemu haijalainika, utando hutoka nao, nawe umeongeza ubovu usioonekana kwa macho. Wapo wanaosema chipu huenda ikawa nzima, kwa hiyo tusiikate. Naheshimu hoja yao, lakini 6821 nyingine inapatikana. Bodi ya asili ikichanika, imechanika.

Weka soketi mpya yenye matundu ya mviringo, pima kila mguu hadi mwisho wa njia yake, ndipo uingize chipu, pengo lake likielekea upande uliochorwa kwenye bodi. Ukiijaribu mezani bila volti 43, mapepeso sita yanatosha. La saba litakuja bodi ikirudi ndani ya mashine. Na betri isirudishwe mahali pake: weka badala ya 5101 moduli ya kumbukumbu isiyohitaji betri.