Shika Kifundo Kabla na Baada ya Kufunga: Ateri za Mkono wa Juu na Majeraha Yake

Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na madereva wa bodaboda, Chanzuru, Kilosa

Ndugu washiriki, kila mmoja apeleke vidole viwili upande wa ndani wa mkono wake, katikati ya kwapa na kiwiko, pale penye mfereji kati ya msuli wa mbele na wa nyuma. Bonyeza kuelekea mfupani. Kinachogonga hapo ni ateri ya brakia. Mtoto mchanga, ambaye shingo yake fupi haitupi nafasi, hapo ndipo tunapomtafutia mapigo. Hapo pia ndipo mpira wa kipima presha unapobana, na mlio anaousikiliza muuguzi kwenye kiwiko ulielezwa na daktari Mrusi, Nikolai Korotkoff, mwaka 1905.

Ateri hii huingia mkononi ikitokea kwapani. Tawi lake kubwa huzunguka nyuma ya mfupa sambamba na neva ya radiali. Ndiyo sababu aliyevunjika katikati ya mfupa huo, neva hiyo ikijeruhiwa, anaweza kuja kifundo cha mkono kimelegea, kiganja kinaning'inia. Shina lenyewe hushuka mbele ya kiwiko na kugawanyika: ateri ya radiali kwenda upande wa dole gumba, ya alna upande wa kidole cha mwisho. Kuzunguka kiwiko kuna matawi madogo yanayounganisha juu na chini. Mafuriko ya Desemba 2009 yalipoharibu reli hapa Kilosa, watu walizunguka kwa barabara, lakini shehena ya treni haibebwi yote na basi. Matawi haya nayo ni hivyo hivyo. Yanaweza kuufanya mkono uwe na joto huku kifundoni hakuna mapigo, nasi tukadanganyika kwamba mambo shwari.

Majeraha ya wazi tunayajua: panga la kukatia miwa au mkonge, bati, kioo cha gari. Wilaya hii pia haijasahau Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, watu 38 walipouawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mkono ulioinuliwa kujikinga huacha wazi upande ule ule wa ndani mlioushika sasa hivi. Tena ateri iliyokatika nusu ndiyo mbaya zaidi. Iliyokatika kabisa hujikunja na kurudi ndani, tundu likasinyaa. Ya nusu haiwezi kujikunja, hivyo huendelea kumwaga.

Chukua khanga safi, kunja, bonyeza kwa nguvu dakika kumi bila kuchungulia. Ikishindikana, funga kati ya jeraha na bega kwa kitambaa kipana, kaza kwa kijiti, andika saa kwenye paji la uso la mgonjwa. Kamba ya katani au waya usitumie, maana neva zimelala bega kwa bega na ateri na uzi mwembamba huziponda. Misuli iliyokosa damu kwa saa sita haina matumaini makubwa, na kutoka hapa mpaka Morogoro sehemu ya muda huo huishia njiani. Kwa hiyo ndugu mmoja afuatilie fomu ya matibabu, PF3, polisi, wengine waondoke na majeruhi. Niseme wazi, sipendi kuona mtu anavuja damu huku watu wanabishania karatasi.

Sasa nije kwa watoto, maana hapa ndipo niliposomeshwa kwa aibu. Msimu wa maembe, mtoto huanguka mtini akitanguliza kiganja, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Kipande cha juu husogea mbele na kuchoma au kuibana ateri. Nje hakuna tone la damu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimfunga mvulana wa namna hii banzi na bandeji. Ilipendeza, mama akashukuru. Alfajiri akarudi naye: mtoto amelia usiku kucha. Nikampa dawa ya maumivu. Muuguzi mmoja mzee, bila kunisemesha, alimnyoosha kidole cha kati taratibu. Mtoto akapiga ukelele. Akachukua mkasi, akaikata bandeji kuanzia juu hadi chini, na pamba ya ndani pia. Ngozi ilikuwa imechoreka mistari. Tukatazama kucha: nyeupe, nyeupe, kisha wekundu ukaanza kupanda kutoka shinani. Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Kilichokuwa kinakuja alikieleza Richard von Volkmann, daktari Mjerumani, mwaka 1881: uvimbe ndani ya bandeji au hogo huzuia damu, misuli ya chini ya kiwiko hufa na kusinyaa, vidole vikabaki vimekunjwa kama kucha za mwewe. Waunga mifupa wetu wa jadi wanalaumiwa sana kwa hili, na mabanzi yao kweli hukazwa mno, lakini bandeji yangu ilikuwa nyeupe na ya serikali.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yanayochachamaa vidole vikinyooshwa, ni sababu tosha ya kulegeza kila kitu. Usisubiri mapigo yapotee. Yanaweza kuwepo na misuli inakufa.

Bandeji zile pale. Kaeni wawili wawili, mshike mwenzako kifundo chini ya dole gumba, mfunge, kisha mshike tena. Mkasi ninao mimi.