Moto wa Aberdare na mifereji ya Eastlands

Msikilizaji wa Umoja au Kayole, hapa Nairobi, anaweza kudhani moto wa misitu ya Kanada haumhusu. Mwaka 2023 ziliteketea zaidi ya hekta milioni 15, moshi ukafika New York. Joto huyeyusha theluji mapema, msitu ukakauka, na radi ikamaliza kazi.

Kwetu Kenya radi si mshukiwa wa kwanza. Mara nyingi ni mrina asali, mchoma makaa, au mfugaji anayetaka nyasi mpya. Lakini, kama kule, kiberiti chao hakifui dafu vichaka vikiwa vibichi. Mlima Kenya uliwaka Machi 2019. Milima ya Aberdare ikafuata Februari 2022, katikati ya ukame mrefu.

Na Aberdare ndiyo inayolisha bwawa la Ndakaini, chanzo kikuu cha maji ya Nairobi. Ardhi iliyoungua hainyonyi mvua vizuri. Maji hukimbia na udongo. Mgao wa maji tunaujua: mama anaamka usiku wa manane, mfereji unakoroma bila tone, asubuhi ananunua mitungi ya mkokoteni.

Mimi ningezihesabu fedha za walinzi wa misitu kuwa fedha za maji ya jiji. Wabunge wa Embakasi waziulizie kabla ya kiangazi cha Januari.