Dawa Imezwe, Mwili Nao Utembee



Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo. Anayeugua huweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba anaandamwa, au kujitenga na watu. Hakurogwa wala hakulaaniwa. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 24 ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa huu.

Shirika hilo pia linasema kuwa wagonjwa hawa wako katika hatari ya kufa mapema mara 2 hadi 3 kuliko watu wengine, na mara nyingi kinachowaua ni maradhi ya mwili, kama yale ya moyo. Baadhi ya dawa, kama vile olanzapini, huongeza hamu ya kula na uzani. Mgonjwa akijiona amenenepa, huenda akaziacha kimyakimya, na ugonjwa ukamrudia.

Hapo ndipo mazoezi yanaposaidia. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa takriban dakika 90 kwa wiki za mazoezi ya kutoa jasho hupunguza dalili za ugonjwa. Hiyo ni nusu saa, mara tatu kwa wiki. Kutembea kwa kasi hadi sokoni, kulima au kucheza kandanda kunatosha. Aanze na dakika 10, kisha aongeze polepole.

Kabla ya kuanza, apimwe presha, sukari na uzani katika zahanati. Akiumwa kifua au akipata kizunguzungu, apumzike na apelekwe hospitalini.

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Uzani ukizidi, daktari aelezwe. Anaweza kubadilisha dawa au kipimo chake.

Mgonjwa akikataa kutoka, asiitwe mvivu. Kukosa hamu ni mojawapo ya dalili. Kumwambia "nenda ukatembee" hakutoshi. Anahitaji mtu wa kutembea naye: kaka, jirani au mhudumu wa afya.

Kuna familia ambazo bado huwafungia wagonjwa chumbani kwa kuona haya. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, inampa mgonjwa haki ya kutendewa kwa heshima. Mfungulieni mlango, mvae viatu, mwende naye.