Maumivu ya Miguu ya Watoto Wakati wa Usiku

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa heshima hii ya kusimama mbele yenu. Niliombwa niseme jambo lenye manufaa kwa kila nyumba, iwe ya muumini au ya jirani. Nimechagua jambo ambalo kwa sura ni dogo, nalo ni maumivu ya miguu yanayowaamsha watoto wadogo usiku. Mimi ni mfanyabiashara, si tabibu. Nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaojua, na mwisho wake yatawarudisha kwa madaktari wenyewe.

Hali hii mnaifahamu. Mtoto wa miaka minne, mitano au sita amecheza kutwa nzima, amekimbiza mpira mchangani, amepanda na kushuka ngazi, jioni amekula vizuri na kulala. Ifikapo saa nne au saa saba ya usiku anaamka akilia, ameshika miguu. Ukimuuliza panapouma, haonyeshi mahali pamoja. Anapapasa mashavu ya miguu, mapaja kwa mbele, na nyuma ya magoti, mguu huu na ule. Mama anamkanda, baba anambeba, na baada ya muda usingizi unamchukua. Kukipambazuka mtoto yuleyule anakimbilia shule kana kwamba hapakuwa na lolote.

Maumivu ya namna hii huitwa maumivu ya ukuaji. Jina hilo lina umri mkubwa. Daktari mmoja wa Ufaransa, Marcel Duchamp, ambaye si yule msanii mashuhuri wa jina hilohilo, aliyaandika mwaka 1823 na kuyahusisha na kukua kwa mwili. Jina likabaki, ingawa madaktari wa leo hawaamini tena kwamba mifupa inauma kwa sababu inarefuka. Mtoto hukua kwa kasi zaidi akiwa mchanga na tena anapobalehe, ilhali maumivu haya huwapata hasa walio kati ya miaka mitatu na kumi na miwili. Wengi huyahusisha na uchovu wa misuli, kwani mara nyingi huja baada ya siku ya michezo mingi. Hayaharibu mfupa wala hayamlemazi mtoto, na kwa kadiri miaka inavyokwenda huisha yenyewe.

Hata hivyo, kusema kwamba hayana madhara si kusema kwamba mtoto anajidekeza. Anaumia kweli. Asikemewe, wala asiambiwe kuwa anatafuta kisingizio cha kulala na mama yake. Wala tusikimbilie kusema ameonwa. Sisi Wagujarati tuna hofu yetu ya najar, na kwa ajili yake tunampaka mtoto nukta ya wanja; majirani zetu wanaijua husuda, nao wana azima na hirizi zao. Siwakatazi dua watu wanaoamini dua. Naomba tu kwamba dua isichukue nafasi ya mkono wenye kukanda, na kwamba mtoto asichanjwe kwa wembe mahali panapouma.

Sasa nitaje yanayosaidia. La kwanza ni kukanda. Bibi zetu kutoka Kathiawar na Kutch walikanda watoto kwa mafuta ya ufuta. Bibi wa Pwani hii walikanda kwa mafuta ya nazi. Yote mawili yanafaa, kwa kuwa kinachotuliza ni mkono wenyewe. Kanda taratibu kutoka kifundo cha mguu kwenda juu, kwa dakika chache, huku ukizungumza na mtoto kwa sauti ya chini. Lakini sikilizeni tahadhari moja inayotuhusu sisi wa hekaluni. Kafuri tunayoiwasha wakati wa aarti isichanganywe kwenye mafuta ya mtoto mdogo, wala isiachwe anapofikia. Kipande kidogo tu kikimezwa kinaweza kumletea degedege.

La pili ni joto. Chovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, kikamue, ukiweke juu ya misuli. Kipime kwanza kwa upande wa ndani wa kiwiko chako; ngozi ya mtoto huungua upesi kuliko ya mtu mzima. Usimwekee jiko la mkaa chumbani ili apate joto, kwa maana hewa yake huua watu waliolala.

La tatu ni kunyoosha misuli, na hili wengi hatulijui. Watafiti wawili wa Kanada, Baxter na Dulberg, walichapisha mwaka 1988 matokeo ya kuwafundisha wazazi kuwanyoosha watoto miguu asubuhi na jioni. Watoto walionyooshwa walipona mapema kuliko wale ambao hawakufanyiwa hivyo. Namna yake ni rahisi. Mtoto alale chali, goti likiwa limenyooka, nawe usukume unyayo wake polepole kuelekea kwake mpaka shavu la mguu livutike. Kisha alale kifudifudi, umkunje goti hadi kisigino kikaribie makalio. Mwisho alale chali tena, uinue mguu ulionyooka kwa kadiri anavyoweza kuvumilia. Kila mkao uushikilie kwa kuhesabu taratibu hadi ishirini, wala usilazimishe. Fanya mchezo, nanyi nyote mtacheka.

La nne ni dawa, pale ambapo hayo matatu hayakutosha. Parasetamoli ya watoto hutolewa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mwili, dozi moja na nyingine zikiachana kwa saa sita, na zisizidi nne kwa siku nzima. Tumia kipimo kilichomo ndani ya boksi. Kijiko cha chai cha nyumbani hakiaminiki. Aspirini asipewe mtoto, kwa sababu inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Tena usikubali mtu wa duka la dawa amchome mtoto sindano ya pajani kwa maumivu ambayo hakuna aliyeyapima.

Kuhusu chakula nitasema machache. Maziwa, mtindi, uji wa ulezi, ufuta, na kwa wanaokula samaki, dagaa, vyote huimarisha mifupa. Jua nalo ni chakula cha mifupa. Tuna jua tele Dar es Salaam, lakini yupo mtoto anayetoka kwenye gari na kuingia darasani, kisha anarudi ghorofani kutazama runinga. Mtoto wa hivyo, akilalamika miguu, au miguu ikianza kupinda matege, aonwe na daktari.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimezungumzia maumivu yasiyo na hatari. Lakini sikupanda jukwaani kwa ajili ya hayo peke yake.

Tuchukue mfano wa watoto wawili wa mtaa mmoja, ambao nyumba zao zinapakana ukuta. Usiku mmoja wote wawili wanalia miguu. Mama zao wanakanda, na asubuhi majirani wanawafariji kwa maneno yaleyale: "Anakua tu huyo." Kwa mtoto wa kwanza maneno hayo ni kweli. Kwa wa pili si kweli, naye ataendelea kuambiwa hivyo mwezi baada ya mwezi, mpaka siku atakapopelekwa hospitali akiwa hana damu. Neno lililomfariji mama wa kwanza ndilo litakalomchelewesha mama wa pili.

Ugonjwa ninaouhofia hapa ni selimundu. Jina lenyewe linaeleza: chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara, hujikunja kama mundu. Zikijikunja hunasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na mifupa huuma vikali. Katika nchi yetu hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa kabisa duniani. Mtoto huurithi kwa baba na mama ambao wote wawili wamebeba chembechembe ya urithi huo, nao wenyewe huwa wazima wasijue lolote. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hapana laana hapo, wala hapana wa kulaumiwa.

Na sisi wenye asili ya Bara Hindi tusidhani kwamba habari hii ni ya majirani peke yao. Selimundu iligunduliwa katika milima ya Nilgiri kusini mwa India mwaka 1952, na leo inajulikana kuwapata hasa Waadivasi wa majimbo mengi, Gujarat ikiwemo. Mwaka 2023 serikali ya India ilizindua mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2047. Bahari ni moja, na maradhi yapo katika pwani zote mbili. Nasi tunayo thalasemia, ndugu yake selimundu, ambayo hubebwa na watu wengi katika baadhi ya jamii zetu, Walohana wakiwemo. Vijana wetu wanaotaka kuoana wapimwe damu bila aibu, kama tunavyotazama nyota zao.

Basi mzazi atatofautishaje? Nawaombeni muifanye asubuhi kuwa mwamuzi. Maumivu ya ukuaji hayavuki alfajiri. Mtoto akiamka akichechemea, akikataa kukanyaga, au akilalamika mchana, hayo si maumivu ya ukuaji. Mguu uleule mmoja ukiuma kila mara, au kiungo kikivimba, kikawa na joto au wekundu, mpeleke. Akiwa na homa, mpeleke siku hiyohiyo, maana wadudu wanaweza kuwa wameingia kwenye mfupa. Akipauka viganja na midomo, akikonda, akipata michubuko au kutokwa damu bila sababu, mpeleke upesi, kwa kuwa saratani ya damu nayo huanza kwa maumivu ya mifupa. Macho yakiwa ya manjano, au mtoto mdogo akivimba viganja na nyayo, ombeni apimwe selimundu. Na ikiwa katika ukoo yupo mwenye ugonjwa huo, au yupo mtoto aliyefariki akiwa na upungufu wa damu usioelezeka, msingoje dalili nyingine. Ombeni kipimo hata kama asubuhi zote mtoto huamka mzima.

Hakuna aliye mbali na msaada. Wa Temeke wana Hospitali ya Rufaa ya Temeke, wa Kinondoni wana Mwananyamala, wa Ilala wana Amana, na juu ya zote ipo Muhimbili, ambako wataalamu wetu wamekuwa wakiwahudumia na kuwafanyia utafiti wagonjwa wa selimundu kwa miaka mingi, na kazi yao inaheshimiwa ulimwenguni. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Mtoto akigundulika mapema hupewa dawa ya kumkinga na maambukizi, hulindwa na malaria, na anaweza kuanzishiwa hidroksiyurea, dawa inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Nyumbani anywe maji mengi, asipigwe na baridi, na akiumwa asiwekewe barafu. Mtoto huyo anaweza kusoma, kufanya kazi na kuzeeka. Wanaopotea ni hasa wale wasiojulikana.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba zetu huku pembezoni mwa jiji zimekaribiana. Usiku wa joto madirisha yakiwa wazi, kilio cha mtoto wa jirani tunakisikia wote. Katika dini yetu tunafundishwa seva, yaani utumishi usiongoja malipo. Sidhani kama kuna seva iliyo karibu zaidi ya kumgongea mlango asubuhi mama aliyekesha na kumuuliza, "Mtoto ameamkaje? Anatembea vizuri?" Na akijibu kwamba anachechemea, usimwambie kwamba anakua. Mwenye gari amtolee gari. Asiye na gari amshikie wadogo wake mpaka mama arudi kutoka hospitali.

Namalizia kwa maombi mawili kwa Kamati yetu. La kwanza, kila mwaka katika maadhimisho haya ukumbi wetu ufunguliwe siku moja kwa ajili ya madaktari na wauguzi kuwapima watoto wa mtaa, bila kuuliza dini wala kabila. La pili, siku hiyohiyo tuwaalike Mpango wa Taifa wa Damu Salama, nasi tuchangie damu, kwa kuwa watoto wa selimundu ni miongoni mwa wanaoihitaji zaidi. Mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia gharama za siku hiyo, na nimeshamwambia Mweka Hazina aandike jina langu.

Mwenyezi Mungu, kwa jina lolote tunalomwita, awape watoto wetu usingizi mwema.