Darubini ya Shule na Taa za Kiwanjani



Nimepewa dakika chache niiunge mkono hoja ya kuinunulia shule darubini. Baadhi yenu mmeuliza, na ni haki yenu: kwa nini tusiwaachie kazi hiyo wenye darubini kubwa? Kule Paranal, nchini Chile, ziko nne, kila moja ina kioo cha upana wa mita 8.2, na picha zake zimejaa vitabuni.

Nitajibu kwa mfano mmoja. Katika kundinyota la Tanuri imo galaksi iitwayo NGC 1365. Katikati yake umepita ufito mrefu wa nyota, na kwenye ncha mbili za ufito huo imeanzia mikono miwili iliyojipinda, mfano wa herufi Z iliyolegea. Nuru yake husafiri karibu miaka milioni 60 ndipo itufikie. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, nayo ina ufito, ila sisi tumo ndani yake, na aliye chumbani halioni paa. Mwanafunzi akiitazama ile ya mbali huanza kulielewa umbo la kwao.

Huko London galaksi hii haipandi hata nyuzi 3 juu ya upeo wa macho. Kwetu hupita nyuzi 50. Januari shule inapofunguliwa, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, huwa imefika kilele chake upande wa kusini. Darubini yenye kioo cha sentimeta 20 yatosha kuonyesha kiini na, penye giza hasa, ule ufito. Msitarajie rangi za vitabuni. Jicho huona ukungu wa kijivu tu, tena vizuri zaidi likitazama pembeni kidogo. Lakini kijana atakayeung'amua ufito huo mwenyewe, baada ya robo saa ya kuvumilia, amejifunza kutazama.

Kikwazo ni taa. Jicho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na taa zetu za kiwanjani hutupa mwanga mwingi mbinguni, ambako hakuna mwizi. Naomba hoja iongezwe kifungu: taa zifunikwe kwa juu, na swichi yake akabidhiwe mwalimu wa fizikia. Vifuniko vya bati fundi yeyote aweza kuvikata. Bila hivyo tutanunua pambo la maabara, nami sitalichangia hata shilingi.